Mali Bila Daftari: Kompyuta ya Nyumbani Inapopoteza Kumbukumbu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la nyumba nyingi halikai tena kabatini, bali limo ndani ya kompyuta: hesabu za duka, orodha ya michango ya arusi, vyeti vya watoto, picha za marehemu, na kazi za masomo zilizochukua miezi kuandikwa. Mashine hiyo inapokataa kuwaka, kinachotoweka si chombo tu, maana chombo chaweza kununuliwa kingine. Linalotoweka ni daftari lenyewe.

Jambo la namna hiyo lilimfika mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambaye wenzake 24 walimkabidhi kazi ya kutunza hesabu za upatu wao. Kwa muda wa miaka miwili aliandika kila mchango katika kompyuta ya mezani aliyoachiwa na mwanawe. Jioni moja ya mvua, siku mbili kabla ya kikao cha kugawana fedha za mwaka, aliketi kuingiza michango ya mwisho. Hazikupita dakika tano, umeme ukakatika. Uliporudi baada ya saa moja, kompyuta iliwaka lakini haikufika pale ilipozoea kufika. Kioo kilibaki cheusi, na juu yake mstari mmoja wa maneno meupe ya Kiingereza uliosema kwamba mashine haikuuona mfumo wa kuiendesha.

Kila aliyewahi kushika fedha za watu ataielewa hofu iliyomwingia mama huyo. Fedha zenyewe zilikuwapo, zikiwa salama ndani ya sanduku la kufuli tatu. Kisichokuwapo ni jawabu la swali la nani ametoa kiasi gani, nani amekopa na nani amelipa. Sanduku la fedha lisilo na hesabu laweza kuvunja ujirani wa miaka mingi kwa adhuhuri moja.

USHAURI ULIOKARIBIA KULETA MSIBA

Kijana wa kaka yake, mwenye sifa ya kuzijua mashine, aliitwa usiku ule ule. Aliitazama kompyuta, akatabasamu.

"Shangazi, hili ni jambo dogo," alisema. "Tutapiga Windows upya, na kabla hujalala itakuwa inawaka."

Kijana hakusema uongo, kwani mashine ingewaka kweli. Ila hakusema lile la pili, pengine kwa kuwa hata yeye hakulifikiri: kwamba kuweka mfumo upya, kwa namna inavyofanywa na wengi, huanza kwa kuisafisha diski yote. Kompyuta ingeamka asubuhi ikiwa nzima na tupu, mithili ya daftari jipya. Mafaili mengi katika miji yetu yamepotea kwa njia hii, na wala si kwa sababu ya ubovu wa mashine. Mgonjwa alikuwa hai, dawa ndiyo iliyomwua.

Bahati njema mama aliomba wangoje hadi asubuhi. Akaitwa fundi mzee ambaye miaka ya nyuma alikuwa akitengeneza redio. Fundi hakugusa kitu. Aliketi, akauliza swali ambalo lafaa kuulizwa na kila fundi na kukumbukwa na kila mwenye kompyuta.

"Mama, kabla sijashika chochote, niambie: ndani ya mashine hii mna kitu msichoweza kukikosa?"

"Fundi, humo mna hesabu za wanawake 24," alijibu. "Kesho wanakuja kwangu."

"Basi hatutapiga chochote. Kwanza tutoe mali, kisha ndipo tutibu nyumba."

Maneno hayo ndiyo msingi wa elimu yote ya kuokoa mafaili. Kompyuta iliyoharibika ina magonjwa mawili yasiyofanana: mashine kutofanya kazi, na kumbukumbu kuwa hatarini. La kwanza laweza kungoja hata mwezi. La pili halistahimili jaribio hata moja la kubahatisha.

MASHINE ISIYOWAKA

Mara nyingi ubovu huwa mdogo kuliko hofu inayoletwa nao. Kompyuta isiyotoa hata taa yafaa ichunguzwe kuanzia ukutani: je, soketi ina umeme? Je, waya umekaa sawasawa? Je, chaja yenyewe ni nzima? Zile za kubeba mkononi huweza kukwama kwa sababu ya chaji iliyobaki ndani yake. Huchomolewa chaja, hutolewa betri kama ni ya kutoka, kisha kitufe cha kuwashia hushikiliwa kwa muda wa nusu dakika, ndipo ijaribiwe tena. Iwapo taa zinawaka na feni inasikika lakini kioo ni cheusi, pengine kilichokufa ni kioo tu, na kukiunganisha kioo kingine kutaonyesha kwamba ndani mna uhai.

Zipo pia kompyuta zinazokataa kuanza kwa sababu flashi imesahauliwa imechomekwa. Mashine huitafuta njia ya kuanzia ndani ya flashi hiyo, haioni kitu, nayo husimama. Kuichomoa na kuwasha upya huwa ndiyo tiba.

Kwa kompyuta inayoanza kisha ikaishia njiani, Windows 10 na Windows 11 zina mlango wa dharura. Mwanzo ukikatizwa takriban mara tatu mfululizo, mashine yenyewe hufungua ukurasa wa matengenezo, na humo hupatikana njia ya kurekebisha mwanzo, na njia ya kuwasha kwa hali ya usalama, yaani ikiwa na programu zile za lazima tu. Mlango huo wafaa, lakini humo humo mna chaguo la kuirejesha kompyuta katika hali ya upya. Chaguo hilo husomwa kwa makini kabla ya kubonyezwa: mojawapo ya njia zake huyaacha mafaili ya mwenyewe, na nyingine huyafagia yote.

Fundi wa Buyenzi hakuupitia mlango huo. Alifungua sanduku la kompyuta, akaitoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake mwenyewe kama mtu anavyochomeka flashi. Mfumo wa kuendeshea mashine ulikuwa umeharibika; diski ilikuwa bado inasomeka. Asiye na waya wa namna hiyo huweza kuiwasha kompyuta mbovu kwa flashi iliyowekwa mfumo wa Linux, ambao ni wa bure, na kuyanakili mafaili kupeleka nje bila kufungua hata skrubu moja.

Tahadhari moja hapa ni ya siku hizi. Kompyuta nyingi mpya huifunga diski nzima kwa maandishi ya siri, kazi ambayo katika Windows hufanywa na BitLocker. Diski hiyo ikihamishiwa kwenye mashine nyingine haifunguki bila ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo aghalabu huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Yafaa uandikwe kwenye karatasi mashine ikiwa nzima. Siku ya msiba si siku ya kutafuta ufunguo.

KUFUTA SI KUCHOMA

Lipo kundi la pili la wenye majonzi: wale ambao mashine yao ni nzima, bali wamefuta faili kwa mkono wao. Hawa nao huwa na matumaini zaidi ya wanavyodhani, maadamu hawafanyi haraka.

Faili lililofutwa kutoka diski ya kompyuta huenda kwanza katika kapu la taka, na hukaa humo likingoja. Kulirejesha ni kazi ya kubonyeza mara mbili tatu. Ila faili lililofutwa kutoka kwenye flashi kwa kawaida halipiti kapuni. Huondoka moja kwa moja, na wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Hata kapu likimwagwa, faili halijachomwa. Mfano wake ni maktaba ambayo mtunzaji ameing'oa kadi ya kitabu kwenye orodha, na kitabu chenyewe kimebaki rafuni. Diski huandika tu kwamba nafasi ile sasa ni huru. Maneno yaliyokuwamo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hapo ndipo ilipo siri ya kuokoa: kuacha kuitumia diski hiyo mara moja. Kila ukurasa wa intaneti unaofunguliwa, kila filamu inayonakiliwa, ni kitabu kipya kinachotafuta mahali rafuni.

Programu za kutafuta vitabu visivyo na kadi zipo, nyingine za bure, mathalani PhotoRec na Recuva. Sharti lake ni moja: programu isiwekwe katika diski ile ile iliyopoteza faili, wala mafaili yanayopatikana yasihifadhiwe humo. Atakayeweka programu ya uokozi juu ya mali anayoitafuta huenda akawa ameizika kwa mkono wake.

Hata hivyo kompyuta mpya zimepunguza bahati hiyo. Nyingi hazina tena diski ya kuzunguka, bali zina diski ya chembe za umeme isiyo na kitu kinachotembea. Diski ya aina hii, ikishaambiwa kwamba faili limefutwa, yenyewe huanza kuisafisha nafasi ile ili iwe tayari kwa kazi mpya. Kapu likimwagwa katika mashine kama hiyo, tumaini huwa dogo sana.

Kwa mwandishi ambaye umeme umemkata katikati ya kazi, mambo huwa mepesi kidogo. Programu ya Word, ikiachwa ilivyotoka kiwandani, hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na Excel vivyo hivyo. Zikifunguliwa tena huonyesha pembeni nakala iliyookolewa. Faili ambalo halikuwahi kupewa jina laweza kutafutwa katika orodha ya kusimamia hati, mahali pa kurejeshea hati zisizohifadhiwa. Dakika hizo 10 huweza kupunguzwa ziwe 2 au 3, na katika miji ambamo umeme ni wa kubahatisha hiyo ni busara.

DISKI INAYOGONGA

Wakati fundi akinakili picha za familia, diski ilianza kusitasita. Hakuing'ang'aniza. Alikuwa amekwisha kulinakili daftari la upatu kwanza, kwa kuwa lilikuwa dogo na ndilo lenye thamani, na picha aliziacha nyuma kwa makusudi. Huo ndio utaratibu wa moto unapoingia nyumbani: watoto kwanza, vyombo baadaye.

Diski ya kuzunguka hukimbia mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachoisoma huelea juu ya sahani yake kwa nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho, hata punje ya vumbi ni mlima kwake. Diski ikianguka, au umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kichwa huweza kuikwaruza sahani. Dalili zake ni mlio wa kugonga usiozoeleka, kusoma kwa kusuasua, na mafaili yanayofunguka nusu. Mlio wa kugonga ukisikika, dawa ni kuizima papo hapo. Kila dakika ya kuiwasha ni mkwaruzo mwingine.

Hapana budi kukanusha hapa ushauri unaozunguka mitaani. Diski haifunguliwi mezani ili kuchunguzwa, kwa sababu ya vumbi. Haiwekwi katika friji, kwa sababu ukungu wa maji hujikusanya ndani yake. Haipigwi kwa kiganja. Ikiwa yaliyomo yana thamani kubwa, hupelekwa kwa wenye vyumba maalumu visivyo na vumbi, nao hutoza gharama kubwa. Ikiwa hayana thamani hiyo, afadhali msiba ukubaliwe mapema.

FLASHI ILIYOGEUKA NA WEZI WA KUFUNGA MAFAILI

Mwanafunzi anayerudi kutoka duka la kuchapisha kazi huweza kukuta kwamba mafaili yote ya flashi yake yamegeuka kuwa njia za mkato, kila moja likiwa na mshale mdogo. Wengi hulia na kuifuta flashi yote. Ukweli ni kwamba mara nyingi virusi wa aina hii hawakula kitu. Wameyaficha mafaili na kuweka mitego mahali pake. Mitego hiyo haibonyezwi. Kompyuta husafishwa kwanza kwa programu ya kupambana na virusi, kisha katika dirisha jeusi la amri huandikwa: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* mahali pa E pakiwa ni herufi ya flashi yenyewe. Mafaili hujitokeza tena, na ile mitego hufutwa.

Wapo wengine wabaya zaidi, wanaoyafunga mafaili kwa maandishi ya siri na kudai fidia. Tarehe 12 Mei 2017 virusi wa WannaCry waliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, wakadai dola 300 kwa kila mashine. Nchini Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. La kusikitisha ni kwamba Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba ufa ule mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Kwa hiyo mashine inapoomba kusasishwa, haiombi kwa mchezo. Yafaa ikumbukwe pia kwamba Windows 10, ambayo bado imo katika nyumba nyingi, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

NAKALA TATU, MAHALI TOFAUTI

Yote yaliyotangulia ni tiba, na tiba haina uhakika. Kinga ni moja tu, nayo ni nakala. Wataalamu hutumia hesabu ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kitu cha thamani, zikiwa katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba.

Hiyo ya tatu ndiyo ambayo watu huidharau. Wakazi wa Bujumbura hawahitaji kuelezwa sababu yake kwa kirefu, kwani tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la mji liliteketea, na wafanyabiashara wakaona mali zao zikigeuka majivu. Daftari lililo ndani ya kibanda huungua pamoja na kibanda. Nakala iliyo juu ya kompyuta, ndani ya droo moja, huibwa na mwizi yule yule.

Hata makampuni makubwa yamefundishwa somo hili. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Amri moja ya kufuta iliyotolewa kimakosa ilianza kuyala mafaili, na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka. Walipoziendea nakala za akiba wakakuta kwamba hazikuwa nzima. Filamu iliokolewa na mama mmoja, Galyn Susman, mkuu wa ufundi, ambaye alikuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, na kwa ajili hiyo alikuwa na nakala katika kompyuta yake. Mashine hiyo ilifungwa kwa mablanketi, ikasafirishwa garini mithili ya mtoto mchanga. Filamu ilitoka mwaka 1999. Mafunzo ni mawili: nakala moja nje ya ofisi yaweza kuokoa kazi ya mamia ya watu, na nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ili kujaribiwa si nakala.

Kwa nyumba ya kawaida haihitajiki gharama kubwa. Diski moja ya nje, inayochomekwa mara moja kwa wiki na kuchomolewa, hutosha kuwa nakala ya pili. Isiachwe imechomekwa, kwa maana virusi na radi haviulizi. Ya tatu yaweza kuwekwa katika hifadhi ya intaneti. Google humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bila malipo, kiasi kinachotosha kwa hesabu na vyeti vya ukoo mzima. Ila ijulikane kwamba folda inayojinakili yenyewe hunakili hata makosa: faili likifutwa huku, hufutika na kule, na kapu la taka la Google hulitunza kwa siku 30 tu. Pasipo intaneti, flashi iliyopelekwa kwa ndugu wa mtaa wa pili inatosha.

Kompyuta ya mezani yafaa ipate pia betri ya akiba, ambayo humpa mwenyewe dakika chache za kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa heshima. Radi ikianza kunguruma, waya huchomolewa ukutani.

SIKU YA KIKAO

Daftari la upatu lilipatikana zima, isipokuwa michango ya jioni ile ya mvua, ambayo haikuwa imehifadhiwa na ambayo hata nakala ya dharura ilikuwa haijaifikia. Pengo hilo lilizibwa na chombo cha zamani. Kila mwanamke alikuwa na kadi yake ndogo ya karatasi, yenye sahihi ya mtunza hesabu kwa kila mchango. Kadi zilisomwa kwa sauti mbele ya wote, hesabu zikalingana, na sanduku likafunguliwa.

Picha hazikurudi zote. Baadhi zilifunguka nusu, upande wa chini ukiwa kijivu kitupu, na mojawapo ilikuwa ya marehemu mumewe akiwa amesimama ufukweni mwa Tanganyika. Mama aliuliza kama ile nusu nyingine yaweza kutafutwa. Fundi alimjibu kwa upole kwamba haimo tena.

Tangu siku ile, kila Ijumaa, mama huyo huchomeka diski ya nje kabla ya kupika chakula cha jioni, na flashi yenye hesabu hukaa kwa katibu wa upatu, mtaa wa pili. Kazi hiyo humchukua muda mfupi kuliko kuchambua mchele. Na kijana wa kaka yake, anapoitwa kutengeneza kompyuta ya mtu, huanza kwa kuuliza mna nini ndani.